Jani Lisilolisha: Tumbaku, Deni na Haki ya Mkulima



Mwenyezi Mungu hakuiumba mimea kwa ajili ya tumbo peke yake. Mama yake Musa, alipotaka kumwokoa mwanawe na amri ya Farao, hakutafuta nafaka bali mafunjo, akatengeneza kisafina, akakipaka lami (taz. Kut 2:3). Nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, naye mfalme akapona (taz. Isa 38:21). Ezekieli alionyeshwa mto ambao kandokando yake imesimama miti ya ajabu, matunda yake ni chakula na majani yake ni dawa (taz. Ez 47:12). Na sisi wenyewe, tukiamka asubuhi, twaondoka katika kitanda cha mninga kilichofumwa kwa kamba, twakunja mkeka wa ukindu, twavaa nguo ya pamba. Mtoto akishikwa na homa, bibi yake huenda kuchuma mwarobaini. Hata altareni ni hivyo hivyo: ubani ni utomvu wa mti, Krisma hutokana na mafuta ya mzeituni, na Jumapili ya Matawi hakuna ajaye kanisani mikono mitupu.

Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kijarida hiki kinampiga vita mkulima anayelima kisicholiwa. Mkulima wa pamba, wa mkonge au wa pareto hatendi dhambi kwa kuwa zao lake haliingii chunguni. Swali letu ni jingine, nalo ni la haki: mmea huu unamtumikia nani, unamla nani, na ni nani anayelipa gharama ambayo haiandikwi katika stakabadhi? Swali hilo tukiliuliza juu ya mimea yote inayolimwa katika nyanda za magharibi ya Tanzania, hakuna unaojibu vibaya kuliko tumbaku.

Tumbaku si mgeni wa jana. Ilitoka Amerika, ikazungushwa duniani na mabaharia wa Ulaya baada ya safari za Kolumbo, na wazee wetu waliikuta, wakaipanda nyuma ya nyumba, miche michache ya ugoro na ya kiko. Hatuna haja ya kumsumbua mzee na kiko chake. Mwili wake atautolea hesabu yeye mwenyewe. Tunayoizungumzia hapa ni tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa moto katika mabani na kusafirishwa nje kwa maelfu ya tani. Hiyo ina historia nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliharibika, mvua haikufuata ratiba ya London, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeanguka. Pale Urambo, mashamba yaliyokusudiwa kutoa chakula yaligeuzwa polepole kuwa ya tumbaku. Ndugu waamini, lizingatieni jambo hilo: msitu ulifyekwa kwa jina la chakula, na chakula kiliposhindikana haukurudishwa kwa wenyewe wala kwa nyuki, bali ulikabidhiwa jani lisilolisha mtu.

Baadaye vikaja vyama vya ushirika, vikafutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa makampuni binafsi. Tuliambiwa wakati ule kwamba wanunuzi watashindana na bei itapanda. Wanunuzi wa kushindana hawakupata kuwa wengi. Mwaka 2018 mmojawapo wa wakubwa alifunga ununuzi wake nchini na kwenda zake, na wakulima waliokuwa wakimtegemea wakabaki wakitafuta wa kununua jani lao. Soko huria lina mlango mpana sana wa kutokea kwa mwenye mtaji. Kwa mwenye jembe mlango huo haupo.

Hebu tuutazame mwaka wa mkulima wa tumbaku, kwa kuwa wako ndugu zetu wa mijini, na hata wataalamu wanaokuja kutufundisha, ambao hawaujui. Kitalu huandaliwa wakati wa kiangazi, ambapo maji hubebwa kichwani kutoka mbali ili kumwagilia miche midogo kama vumbi. Mvua zikianza, shamba hutengenezwa matuta na miche huhamishwa. Kisha palizi, mbolea, dawa, kukata maua, kupunguza machipukizi. Kisha kuchuma, na majani hayaivi siku moja: huanza ya chini, yakafuata ya katikati, yakamalizia ya juu, kwa majuma mengi. Kila mchumo hufungwa katika vijiti na kupangwa ndani ya bani, na moto huwashwa chini yake kwa muda wa juma moja hivi, mchana na usiku, huku mtu akikesha. Ukizidi, jani linaungua, ukipungua, linaoza. Baada ya hapo kuchambua jani kwa jani, kulipanga katika madaraja, kulifunga katika mitumba, na kungoja siku ya soko. Hilo ndilo zao linaloitwa dhahabu ya kijani. Yafaa tuwaulize waliolibatiza jina hilo kama wamewahi kulala usiku mmoja kando ya bani.

Msimu huo huo ndio msimu wa mahindi. Mvua ni moja, mikono ni ile ile, siku haiongezwi saa. Mkulima akichelewa kupanda mahindi kwa sababu miche ya tumbaku haingojei, nyumba yake itanunua unga mwezi wa pili kwa bei ya mwezi wa pili. Tena mbolea ilikuja kwa ajili ya tumbaku. Akiipeleka kwenye mahindi ili watoto wale, ataambiwa amevunja mkataba. Hivyo tunamwona mtu mwenye ekari nyingi na jembe lenye makali akiwa na njaa mwezi wa Februari, akikopa debe la mahindi kwa ahadi ya kulipa mara mbili wakati wa soko. Deni hili la pili haliandikwi popote ila moyoni mwa mkopeshaji.

Sasa tuje kwenye deni la kwanza, ambalo ndilo kiini cha maneno yetu.

Mkulima mdogo hana fedha za mbolea. Chama cha msingi kinamdhamini, benki au mnunuzi anatoa pembejeo, na mazao yake yanakuwa rehani tangu hayajapandwa. Kukopa si dhambi, na chama cha ushirika ni chombo chema. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, aliwahimiza wakulima waungane katika vyama kama hivi ili wasibaki peke yao sokoni. Lakini angalieni jinsi muungano ulivyogeuzwa. Wanachama huwajibika kwa pamoja. Tuseme, kwa mfano tu wa kufundishia, chama kina wanachama 100, na kila mmoja amepewa pembejeo za shilingi 1,000,000. Deni la chama ni shilingi 100,000,000. Mvua ya mawe ikapiga mashamba, mabani mawili matatu yakaungua, mmoja akafariki, wengine wakatorosha tumbaku yao na kuiuza kwa jina la jirani. Jumla wakakosekana wanachama 20. Shilingi 20,000,000 zao hazifutwi. Zinagawanywa kwa wale 80 waliolima vizuri, na kila mmoja anakatwa shilingi 250,000 zaidi kabla hajaona senti moja. Mama aliyekesha bani miezi miwili anamlipia mtu aliyetoroka, na hata jina lake halijui.

Wako watakaosema kwamba huo ndio mshikamano wa Kikristo, kuchukuliana mizigo. La hasha! Mshikamano ni pale wenye nguvu wanapomsaidia mnyonge. Hapa wanyonge wanabebeshwa hasara yote, na mwenye nguvu kuliko wote, yaani aliyekopesha na atakayenunua, hana hata punje ya hatari mabegani mwake. Mvua ya mawe si yake. Moto wa bani si wake. Kushuka kwa bei ya dunia si kwake. Analipwa kwanza, analipwa kamili, analipwa na riba. Agano la Kale lilimkataza mkopeshaji kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu (taz. Kum 24:6). Leo jiwe la kusagia limeachwa nyumbani. Kinachochukuliwa ni nafaka ambayo ingesagwa.

Deni hilo lingevumilika kama bei ingekuwa ya uwazi. Bei za tumbaku hutajwa kwa dola za Marekani, huku mkulima akinunua chumvi kwa shilingi. Madaraja yake ni makumi kadhaa, kwa kufuata nafasi ya jani katika mche, rangi yake na ubora wake. Siku ya soko mteuzi hupita mbele ya mtumba, huvuta majani machache, huyatazama, husema neno. Ni dakika chache sana. Katika dakika hizo huamuliwa thamani ya miezi tisa ya kazi, na kati ya daraja moja na linalofuata yaweza kukatika ada ya sekondari. Mkulima amesimama hapo, kofia mkononi. Anaruhusiwa kukataa, ndiyo. Lakini kesho hakuna mnunuzi mwingine, na mtumba ukirudi nyumbani jani hukauka, uzito hupungua, na deni liko pale pale. Uhuru wa kukataa usioambatana na mahali pengine pa kwenda ni uhuru wa jina tu. Papa Leo wa Kumi na Tatu alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1891: katika Rerum Novarum alifundisha kwamba makubaliano ya ujira hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimesema ndiyo, kwa kuwa mwenye njaa atakubali lolote. Na Mtume Yakobo aliwaambia matajiri wa zamani zake kwamba ujira waliowanyima wavunaji unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana (taz. Yak 5:4). Hakuandika waraka ule kwa ajili ya maktaba.

Tuseme pia neno juu ya wanawake, na wanaume watuwie radhi, au wasituwie. Katika nyumba nyingi za tumbaku mke ndiye mmwagiliaji wa kitalu, mchumaji, mfungaji wa vijiti na mchambuaji. Jina katika daftari la chama ni la mume. Malipo yakifika, mume huenda kuyapokea mjini, na tunawajua, maana tunawaona katika parokia zetu, wale wanaorudi baada ya majuma mawili na redio mpya na mfuko mtupu, na wale wasiorudi kabisa mpaka msimu mwingine uwakumbushe kwamba wana mke. Makatekista wetu wanajua kwamba mashauri ya ndoa huongezeka wakati wa malipo. Huo nao ni unyonyaji, na haukuletwa na kampuni yoyote kutoka ng'ambo.

Na watoto. Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na nikotini hupenya ngozi, hasa jani likiwa na umande au mvua. Mchumaji aliyelowa hupatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na mwili kulegea. Wataalamu huita ugonjwa wa tumbaku mbichi. Nyumbani huweza kudhaniwa ni malaria, mtu akanywa vidonge vya bure. Mwili mdogo hulemewa upesi kuliko mkubwa. Zaidi ya hayo yako madawa ya kupulizia, ambayo mara nyingi hupimwa kwa kifuniko cha chupa na kukorogwa kwa kijiti, na moshi wa bani usiku kucha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakataza kumpa mtoto kazi za hatari, na Tanzania iliridhia mwaka 2001 mkataba wa kimataifa dhidi ya aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Karatasi zote zipo. Lakini mwezi wa tatu, wakati wa kuchuma, walimu wa vijijini huhesabu madawati matupu. Hatuzungumzii watoto wa vibarua waliotoka mbali peke yao. Tunazungumzia pia watoto wetu waliobatizwa, walio katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na wazazi wao wanaokaa mstari wa mbele kanisani. Kumtuma mtoto kuchota maji au kuchunga mbuzi ni malezi. Kumchumisha mtoto tumbaku yenye umande si malezi.

Ujira wa jani hili hulipwa pia na msitu. Bani haliwaki kwa dua. Kila kilo ya tumbaku ya mvuke iliyo kavu imemeza kilo kadhaa za kuni, na kuni hizo ni miti ya miombo, mtundu na mninga, iliyochukua miaka mingi kukua. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba miti milioni 600 hukatwa duniani kila mwaka kwa ajili ya tumbaku, pamoja na hekta 200,000 za ardhi. Tena tumbaku huchosha udongo na kuujaza minyoo ya mizizi, hivyo shamba la jana huachwa na msitu wa leo hufyekwa. Sisi tuliozoea kupita njia za Tabora na Sikonge tunaona jinsi kuni zinavyofuatwa mbali zaidi mwaka hadi mwaka.

Hapo tunalo dukuduku letu sisi watu wa altare. Kabla tumbaku haijawa na sifa yoyote, mkoa wa Tabora ulikuwa unajulikana kwa asali na nta. Maua ya miombo ndiyo malisho ya nyuki. Mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini imewalisha Wanyamwezi vizazi kwa vizazi, na nta yake ni ile ambayo Kanisa limeitumia tangu kale kwa mishumaa yake, huku Mbiu ya Pasaka ikimtaja nyuki kwa shukrani. Mrina asali anaulinda mti kwa sababu unamlisha ukiwa umesimama, ilhali mkaushaji tumbaku hana faida nao mpaka uanguke. Watu hao wawili ni majirani, pengine ndugu wa tumbo moja, na msitu hauwezi kuwatosha wote wawili kwa muda mrefu. Katika ugomvi huo mikopo, mabwana shamba na malori vyote viko upande mmoja. Yule mwenye mzinga hana aliyemfikia na mkataba.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha katika Laudato Si' ya mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Wako waliodhani kwamba alikuwa akisema habari za barafu ya ncha za dunia. Alikuwa akisema pia habari za Urambo.

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba padre ashughulikie sakramenti na mambo ya mazao awaachie wenyewe. Jibu lake si refu: maaskofu wa dunia nzima, waliokutana katika Sinodi ya mwaka 1971, walifundisha kwamba kutetea haki ni sehemu ya kuihubiri Injili. Asiyependa jambo hilo akawaulize wao.

Pili, yasemwa kwamba makampuni yamejenga madarasa, yamechimba visima na kugawa miche ya miti. Ni kweli, na aliyepata maji safi asiyakatae. Lakini mche wa mkaratusi uliopandwa ili uje ukatwe kwa ajili ya bani haumrudishii nyuki mtundu wake. Na Papa Pius wa Kumi na Moja aliandika mwaka 1931 kwamba sadaka haiwezi kuchukua nafasi ya haki anayonyimwa mtu. Mnipunje mizani kwenye mtumba kisha mnipe bati la shule? Heri mizani iwe sawa, bati tutanunua wenyewe.

Tatu, husemwa kwamba tumbaku huiletea nchi fedha za kigeni na kuzipatia halmashauri ushuru. Hatubishi. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vinavyotokana na tumbaku kuwa zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na hospitali zinazowapokea wagonjwa wa mapafu, moyo na saratani hazijengwi bure. Hapa yafaa kukumbuka kwamba mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia mwaka 2018 Vatikano isiuze tena sigara kwa watumishi wake, ingawa mauzo yale yalikuwa yakileta mapato, kwa sababu Kiti Kitakatifu hakiwezi kushiriki katika jambo linalodhuru afya za watu waziwazi. Kama dola ndogo kuliko parokia zetu nyingi imeweza kuyaacha mapato hayo, isisemwe kwamba jambo haliwezekani.

Pingamizi la nne ndilo zito, nalo hutoka kwa mkulima mwenyewe: nikiacha tumbaku, nilime nini ambacho kina mnunuzi? Alizeti hununuliwa kwa bei ya kutupa, mahindi yakizidi serikali yaweza kufunga mipaka, karanga huliwa na panya ghalani. Tumbaku angalau ina mkopo, ina lori, ina siku ya soko. Ndugu zetu, maneno haya ni ya kweli, na anayewahubiria wakulima waache tumbaku bila kuyajibu anawahubiria wafe kwa utakatifu. Ndiyo maana hatumwambii mtu ang'oe miche yake kesho. Tunachosema ni kwamba mkopo, lori na siku ya soko havikuanguka kutoka mbinguni pamoja na mbegu ya tumbaku. Viliundwa na watu, vyaweza kuundwa kwa zao jingine. Katika kaunti ya Migori, nchini Kenya, kwenye eneo la tumbaku la miaka mingi, serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula walianza mwaka 2021 kuwasaidia wakulima kuhamia maharage yenye madini mengi ya chuma. Waliwapa mbegu na mafunzo. Lakini jambo lililokuwa na uzito ni kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwapo kununua. Mkulima aliona kwanza mnunuzi, ndipo akaacha tumbaku.

Wala jambo hili si ombi la huruma. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku ulipitishwa mwaka 2003. Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007. Kifungu chake cha 17 kinazitaka nchi wanachama ziwasaidie wakulima kupata njia mbadala zenye faida, na cha 18 kinazitaka zilinde mazingira na afya za wanaofanya kazi katika mashamba ya tumbaku. Serikali ilitia saini kwa hiari yake. Tunayo haki ya kuuliza wabunge wetu na madiwani wetu, kwa adabu na bila kuchoka, ni mnunuzi gani wa alizeti, wa asali, wa karanga amekwisha kuletwa wilayani kwetu kwa ajili ya kifungu cha 17.

Lakini yako mengine ambayo hayamngoji mbunge. Viongozi wa walei, wengi wenu ndio hao hao wenyeviti, makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Mnasoma somo siku ya Jumapili na kutunza daftari siku ya Jumatatu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililofungwa kabatini ni sawa na kutokuwa na daftari. Someni hesabu mbele ya wanachama wote: deni limekuwa kiasi gani, nani hakulipa na kwa sababu gani, makato ni yapi, riba ni ngapi, dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi na siku gani. Mjane wa mwanachama aliyefariki asibebeshwe deni la shamba ambalo hakulivuna. Majina ya wake yaingizwe katika daftari pamoja na ya waume, na malipo yapokewe na wawili. Daraja la mteuzi likibishaniwa, chama kizima kisimame na mwenye mtumba, asiachwe peke yake na kofia yake mkononi. Kila nyumba ilime kwanza ekari za chakula cha mwaka, zilizopandwa kwa mvua za kwanza, kisha ndipo ihesabu ekari za tumbaku. Na mwalimu akileta orodha ya watoto wasioonekana shuleni mwezi wa tatu, orodha hiyo isomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba kwa nyumba, bila kumficha mwenyekiti.

Mikataba ya msimu ujao itatiwa saini kabla vitalu havijamwagiliwa. Tunaomba kila Jumuiya iliyo katika eneo la tumbaku itenge jioni moja kabla ya siku hiyo, ipate nakala ya mkataba, na amteue kijana mmoja aliyemaliza sekondari ausome kwa sauti kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, mpaka mwisho, pamoja na yale maandishi madogo. Kila mahali panapoeleza mkulima atalipa nini asipovuna, asimame. Wanajumuiya waulize mnunuzi naye atalipa nini asiponunua, na jibu liandikwe, na ikiwa mkataba hauna jibu, hilo nalo liandikwe, na karatasi hiyo iletwe kwetu parokiani ikiwa na majina ya waliokuwapo. Tutazikusanya na kuzipeleka katika ofisi ya Tume jimboni, ili mwakilishi wetu atakapokaa na viongozi wa chama na wa wilaya awe na kitu mkononi zaidi ya manung'uniko.